Kantangaze bustanini: mche upi wa nyanya uponywe, upi ung'olewe

Msimu wa kilimo unapoanza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wananchi husubiri matangazo ya Serikali kuhusu mambo makubwa: mbegu za pamba, mbolea ya ruzuku, viwavijeshi vilivyoonekana kwenye mahindi, makundi ya kweleakwelea yanayokabiliwa kwa ndege za kunyunyizia viuatilifu. Ni mambo yanayogusa maelfu ya ekari, na ni haki yatangulizwe. Lipo hata hivyo tatizo la afya ya mimea lisiloitiwa ndege wala mkutano wa hadhara. Linaendelea nyuma ya nyumba za Igoma, Buhongwa, Nyamhongolo na Kisesa, na katika vijiji vya mwambao wa Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, kwenye matuta machache ya nyanya na viroba vilivyojazwa udongo, vinavyomwagiliwa kwa ndoo.

Mdudu anayeongoza uharibifu huo ana jina la kitaalamu la Tuta absoluta, lakini wakulima wa Tanzania walikwishambatiza jina lao: kantangaze. Ni jina la kejeli. Mdudu anamharibia mtu bustani, kisha anamwambia nenda ukanitangaze. Kejeli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa jambo ambalo wenye bustani ndogo hufanya kwa nadra kuliko yote ni kutangaza. Nyanya ikinyauka uani, mwenye nyumba huona ni bahati mbaya yake mwenyewe, hununua dawa yoyote dukani, na jirani hupata habari siku kwake nako kunapokauka.

Asili ya kantangaze ni Amerika Kusini, na mtaalamu wa wadudu alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1917 kutokana na sampuli ya Peru. Kwa miongo mingi alibaki katika bara hilo. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akazunguka nchi za Mediterania, akavuka Afrika Kaskazini na kushuka kusini. Mwaka 2014 aliripotiwa Kenya na Tanzania, na katika nchi yetu mashamba ya Arusha ndiyo yaliyopata pigo la kwanza. Miaka miwili baadaye, Jimbo la Kaduna nchini Nigeria lilitangaza hali ya dharura katika kilimo cha nyanya kwa sababu yake, na watu wa huko wakamwita Ebola ya nyanya. Kasi hiyo haikutokana na mabawa yake pekee. Nondo huyu ana urefu usiozidi sentimita moja, na safari zake ndefu hufanyika ndani ya matenga ya nyanya, kwenye miche inayouzwa na katika magari yanayohama kutoka soko hadi soko.

Mwanza ni mahali panapomfaa kwa sababu zilezile zinazoifanya ifae nyanya. Joto la mwambao halishuki kiasi cha kumuua, na maji ya Ziwa Victoria huwezesha umwagiliaji katika miezi ya kiangazi ambako shamba la mvua limelala. Kantangaze hukamilisha kizazi kimoja kwa takriban wiki 3 hadi 5 kulingana na joto, na jike mmoja anaweza kutaga mayai yanayofikia 260. Anachohitaji ni mmea mmoja wa jamii ya mnavu usiokatika mwaka mzima, iwe nyanya, bilinganya, nyanyachungu, kiazi mviringo au mnavu wenyewe, ambao katika nyumba nyingi ni mboga inayopendwa. Bustani ya nyumbani humpatia mahitaji hayo yote. Mkulima mkubwa anapofyeka shamba lake na kulipumzisha, miche mitano iliyosahaulika nyuma ya jiko humlea mdudu hadi msimu ujao. Kwa sababu hiyo afya ya bustani ndogo haiwezi kuhesabiwa kuwa siri ya nyumba moja.

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapoanza. Ushauri wa wataalamu katika hali kadhaa ni kung'oa mmea. Kwa mwenye ekari 5, kung'oa miche 20 ni gharama ya kawaida ya kazi. Kwa familia yenye miche 20 tu, ambayo matunda yake mabichi yamekwisha kupigiwa hesabu ya daftari za watoto na mafuta ya kupikia, ni hasara isiyofidiwa na yeyote, anayoibeba mtu mmoja ili jirani zake wapone. Si ajabu kwamba wengi huchelewa. Ushauri unaotolewa bila kukiri hasara hiyo hausikilizwi, na pengine haustahili kusikilizwa. Njia ya haki ni kumwezesha mwenye bustani kutofautisha mmea unaoweza kuponywa na ule usioweza, ili asing'oe bure wala asitumie fedha bure.

Hatua ya kwanza ni kugeuza jani kabla ya kufungua pochi. Jani lililoshambuliwa na kantangaze huwa na mabaka mapana, meupe na ya kupenyeza mwanga, kama karatasi iliyolowa mafuta. Likishikwa kuelekea jua huonekana funza mdogo ndani yake pamoja na vinyesi vyeusi. Watu wengi humchanganya na vidomozi, wadudu wengine wa majani, lakini vidomozi huchora mstari mwembamba unaojipinda kama njia ya nyoka na kwa kawaida hawamalizi mmea. Kantangaze huingia pia kwenye vikonyo, kwenye ncha changa na kwenye tunda, hasa chini ya kikonyo chake, akiacha tundu dogo ambalo kuoza huanzia hapo. Tundu kubwa ubavuni mwa tunda, lenye funza aliyenona, mara nyingi ni kazi ya funza wa vitumba. Huyu ni mwenyeji wa siku nyingi Kanda ya Ziwa, kwani ndiye yuleyule anayetoboa vitumba vya pamba, na wakulima wa Kwimba na Misungwi wanamfahamu tangu enzi za babu zao.

Mmea wenye kantangaze kwenye majani machache hauna sababu ya kung'olewa. Majani yenye mabaka na matunda yenye matundu huchumwa yote, hata tunda ambalo upande wake mmoja bado unaonekana mzima, na kutumbukizwa papo hapo kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kisha kufukiwa kwa kina cha nusu mita au kuchomwa. Kuyatupa kando ya ua ni sawa na kumhamishia mdudu kitanda. Ukaguzi hurudiwa mara 2 kwa wiki kwa muda wa mwezi mmoja usiopungua, kwa kuwa mayai yaliyokwisha kutagwa yataanguliwa baada ya siku chache hata kama leo hakuna funza anayeonekana. Jambo la kuzingatia ni kutouvua mmea nguo zote kwa siku moja. Majani yakiondolewa zaidi ya theluthi moja, matunda huungua kwa jua na mmea hukosa nguvu ya kuchipua upya. Udongo unaozunguka shina hutifuliwa kidogo juujuu, kwa sababu sehemu kubwa ya funza hushuka na kugeuka buu humo.

Wakati wa usiku, beseni la maji yenye sabuni lililowekwa chini ya taa hunasa nondo wengi, hasa saa za giza kuanzia jioni na karibu na alfajiri. Mtego huo haumalizi tatizo, ila humwambia mwenye bustani kama idadi inapanda au inashuka, na taarifa hiyo ina thamani kuliko chupa ya dawa iliyonunuliwa kwa kubahatisha. Mwarobaini nao husaidia dhidi ya funza wachanga: mbegu zake zilizotwangwa hulowekwa usiku kucha, maji yakachujwa, yakatiwa sabuni kidogo na kunyunyizwa jua likishatua, kwa sababu mwanga wa jua huvunja nguvu yake. Hurudiwa kila baada ya siku chache. Maji ya tumbaku, ambayo baadhi ya watu huyasifu, hayafai: ni sumu kwa anayeyashika, na tumbaku ni jamaa wa nyanya anayeweza kuileta virusi vya batobato bustanini.

Dalili ya kupona haipatikani kwenye majani yaliyokwisha kuharibika, maana hayo hayatarudi. Hutazamwa ncha. Machipukizi mapya yakitoka safi kwa wiki 2 mfululizo, mmea umeshika njia. Hapo ndipo samadi iliyoiva na maji ya kutosha shinani huwa na faida. Kumwaga mbolea nyingi ya chumvichumvi kwenye mmea ulio dhaifu, kwa matumaini ya kuuamsha, huleta majani laini ambayo wadudu huyapenda kuliko mengine yote.

Magonjwa ya ukungu yana tabia nyingine. Bakajani tangulia huanzia kwenye majani ya chini, ikiwa na madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Mmea wenye ugonjwa huo huweza kuokolewa kwa kuondoa majani ya chini, kuusimika kwenye mti ili hewa ipite na kuweka matandazo ya nyasi kavu yanayozuia matone ya mvua yasirushe udongo juu. Bakajani chelewa ni kali zaidi. Hupendelea siku za mawingu, unyevu na ubaridi, huleta mabaka makubwa yanayoonekana kama yamemwagiwa maji ya moto, na linaweza kumaliza bustani katika muda usiozidi wiki mbili. Viuatilifu vya ukungu, vikiwamo vyenye mankozebu au shaba, hukinga majani ambayo bado ni mazima. Haviponyi yaliyokwisha kuungua. Anayesubiri hadi nusu ya mmea iwe nyeusi ndipo apulizie, amechelewa. Katika magonjwa yote mawili, tabia ya kumwagilia kwa kurusha maji juu ya majani nyakati za jioni, iliyozoeleka sana, ndiyo inayoulisha ukungu usiku kucha. Maji yamwagwe shinani, asubuhi.

Kuna hali 2 ambazo hazina tiba, na heri lisemwe wazi. Ya kwanza ni mnyauko bakteria. Mmea hunyauka mchana ukiwa bado wa kijani, huonekana kuinuka usiku, kisha baada ya siku chache hausimami tena. Kipimo chake hakihitaji maabara. Shina hukatwa karibu na ardhi, kipande chake kikaning'inizwa ndani ya bilauri ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato ndani ya dakika chache, hao ni bakteria. Hakuna dawa ya dukani inayouponya mmea huo, na muuzaji anayeahidi vinginevyo anauza maji. Hung'olewa pamoja na mizizi na udongo unaoizunguka, huchomwa, na hautupwi kwenye shimo la mboji. Jembe lililotumika huoshwa, na maji yanayotiririka kutoka kwenye tuta hilo huzuiwa yasifike kwenye matuta mengine. Mahali hapo hapapandwi nyanya, bilinganya, pilipili wala kiazi mviringo kwa miaka kadhaa. Mchicha, matembele, mahindi au vitunguu vinaweza kuendelea. Kwa asiye na eneo jingine, kupanda katika viroba vyenye udongo uliotoka mahali safi ni njia inayofaa. Ipo pia njia ya kubebesha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya linalostahimili bakteria hao, ambayo Kituo cha Mboga Duniani chenye ofisi zake Arusha kimeieneza kwa muda, ingawa bado haijawafikia wauza miche wengi.

Ya pili ni ugonjwa ambao wakulima huuita rasta: majani hujikunja kwenda juu, hugeuka manjano kingoni, na mmea hudumaa ukiwa kama kichaka. Ni virusi vinavyoenezwa na inzi weupe. Mmea uliopata rasta ukiwa mchanga hautazaa chochote cha maana, na kila siku unayobaki hai unawalisha inzi watakaohamia kwenye mimea mingine. Kinga yake hufanyika kitaluni, kwa kufunika miche kwa wavu wa kitalu hadi siku ya kuhamishwa. Wavu huo si chandarua cha mbu. Vyandarua vyenye dawa vinavyogawiwa na Serikali ni vya kulinda watoto na wajawazito dhidi ya malaria, na kwa mkoa wa mwambao wa ziwa kuvikuta juu ya kitalu cha nyanya, au vikivua dagaa, ni habari isiyofurahisha.

Upo upande wa pili wa kosa, ambao ni kutibu kisichokuwa ugonjwa. Tunda linalokuwa jeusi na kubonyea kitakoni huchukuliwa na wengi kuwa limeshambuliwa, likapuliziwa dawa moja baada ya nyingine. Chanzo chake ni upungufu wa chokaa kwenye tunda, na mara nyingi husababishwa na umwagiliaji usio wa mpangilio: siku 4 za ukame, kisha ndoo 3 kwa mkupuo. Tiba yake ni ratiba ya maji. Vivyo hivyo mimea iliyo jirani na ziwa inaweza kunyauka kwa sababu mizizi yake imezama, jambo lililoonekana katika mwambao wakati kina cha Ziwa Victoria kilipopanda kupita kiasi mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Kipimo cha bilauri hutenganisha hali hiyo na bakteria.

Suala la viuatilifu linahitaji kutazamwa kwa uzito wake katika mkoa huu wa pamba. Kiuatilifu kilichotolewa kwa ajili ya pamba si cha nyanya, hata kama mdudu ni yuleyule. Pamba haichumwi asubuhi ikaliwa mchana na watoto. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa huandikwa kwenye lebo zao linalohusika, kipimo chake na idadi ya siku zinazopaswa kupita kati ya kupulizia na kuvuna. Idadi hiyo ya siku ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi katika bustani ya nyumbani, kwa kuwa nyanya huchumwa kidogokidogo kila siku mboga inapohitajika. Familia isiyoweza kusubiri siku zilizoandikwa haipaswi kupulizia kiuatilifu hicho, na hakuna ujanja wa kulizunguka hilo kwa kuosha tunda. Kuchanganya dawa 2 au 3 katika bomba moja ili ziwe kali zaidi nako hakuna msingi. Kantangaze amejijengea usugu dhidi ya viuatilifu vingi katika nchi alizopita, na kinachoharakisha usugu huo ni kurudia dawa yenye kiambato kilekile msimu baada ya msimu, hata kama jina la kibiashara limebadilika.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ndiyo yenye jukumu la kusajili viuatilifu na kusimamia wauzaji wake. Mnunuzi ana sehemu yake. Kiuatilifu kilichomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kisicho na lebo, hakipaswi kununuliwa kwa bei yoyote, na chupa ya namna hiyo kwenye nyumba yenye watoto wadogo ni hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya bustani nzima.

Na lipo ziwa lenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa na mito, pale zinapoweza kuathiri mazingira hayo. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa ni ya kuwanyima maskini ardhi yenye rutuba. Hoja yao ina uchungu wa kweli, ila Jiji la Mwanza hunywa maji ya ziwa hilohilo, kupitia mitambo ya Capri Point na Butimba, na bomba la kupulizia linaposuuzwa ufukweni, mabaki yake hayana pengine pa kwenda. Maji ya kusuuzia humwagwa juu ya tuta lililopuliziwa, mbali na chanzo chochote cha maji.

Watu wa mwambao wana kumbukumbu inayoweza kuwasaidia kuelewa njia nyingine. Katika miaka ya 1990 gugu maji, mmea mwingine uliotoka Amerika Kusini, ulifunika ghuba na bandari za Ziwa Victoria hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Miongoni mwa silaha zilizolipunguza ni mbawakawa wadogo walao gugu hilo, waliofugwa na kuachiliwa katika nchi zote 3 zinazolizunguka ziwa. Gugu halikuisha, lakini lilipata adui. Kwa kantangaze, Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu (ICIPE) kilichopo Nairobi kiliingiza kutoka Peru mwaka 2017 aina ya nyigu mdogo anayetaga ndani ya funza wa mdudu huyo, na baada ya uchunguzi nyigu hao wameachiliwa mashambani nchini Kenya. Nyigu wa namna hiyo hawezi kuishi katika bustani inayopuliziwa sumu kila wiki. Hiyo ni sababu nyingine ya kiuatilifu kuwa hatua ya mwisho katika bustani za mwambao badala ya kuwa ya kwanza.

Kwa upande wa Serikali, uwezo umeongezeka. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka Sh bilioni 294 katika mwaka wa fedha 2021/2022 hadi Sh bilioni 954 mwaka uliofuata, na mwaka 2022 maofisa ugani walianza kukabidhiwa pikipiki ili wawafikie wakulima. Usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku umeiwezesha Wizara kujua nani analima nini na wapi. Hata hivyo mwenye matuta 4 uani kwake hasajiliwi kwa mbolea, hana chama cha msingi cha ushirika, na katika kata za mjini huenda hajawahi kufahamu kwamba ofisi ya kata yake ina mtaalamu wa kilimo. Pikipiki humfuata mkulima anayejulikana. Pengo hili si la fedha nyingi, ni la mawasiliano, na linaweza kuzibwa kwa mambo madogo: jina na namba ya afisa kilimo wa kata kubandikwa kwenye ofisi ya mtaa, na mfumo wa M-Kilimo kutangazwa kwa wakazi wa mjini kama unavyotangazwa kwa wakulima wa vijijini. Misungwi, mwendo mfupi kutoka jijini, ipo TARI Ukiriguru, ambayo sifa yake kubwa ni mbegu za pamba kama UK91 na UKM08. Utaalamu wa wadudu upo karibu kuliko wakazi wengi wanavyodhani.

Pamba yenyewe inatoa mfano wa karibu. Mkulima wake hutakiwa kung'oa na kuteketeza masalia baada ya kuvuna, ili funza wasipate pa kujificha hadi msimu ujao, na utaratibu huo hufanya kazi kwa sababu hufanywa na kijiji kizima kwa wakati mmoja. Nyanya za nyumbani hazina utaratibu wa namna hiyo. Anayeng'oa peke yake hupoteza mavuno na bado huletewa mdudu na upepo kutoka kwa jirani asiyeng'oa, jambo linaloeleza kusitasita kwa watu vizuri zaidi kuliko lawama ya uzembe. Mtaa ukikubaliana kuondoa mabua yote ya zamani katika wiki moja na kukaa wiki 5 au 6 bila mmea wowote wa jamii ya mnavu, kizazi cha kantangaze hukosa chakula, na hasara hugawanywa sawa.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo tayari. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni siku ya usafi, na wenyeviti wa mitaa huitisha wakazi kuzoa taka na kufyeka nyasi. Kuongeza mabua ya nyanya yaliyokauka, mnavu unaoota wenyewe kwenye mitaro na matunda yaliyooza kwenye orodha ya siku hiyo hakuhitaji sheria ndogo mpya wala fungu la bajeti. Wakati mwafaka kwa Mwanza ni baada ya mavuno ya masika, kabla vitalu vya kiangazi havijasiwa. Na kwa mwenye shaka kuhusu ugonjwa ulioko kwake, maonesho ya Nane Nane ya Kanda ya Ziwa hufanyika kila Agosti katika viwanja vya Nyamhongolo, ambako wataalamu hupokea maswali bila malipo. Apige picha ya mmea mzima, ya jani pande zote 2 na ya shina lililokatwa likiwa ndani ya bilauri, aje nazo kwenye simu. Mmea wenyewe aubakize nyumbani, asiupakie kwenye daladala.